Mwanachuoni na Makazi ya Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo: elimu ni amana, na amana haitimii kwa kukaa kifuani mwa mwenye nayo.

Robert Weaver alizaliwa Washington mwaka 1907, wakati ambapo mtu mweusi wa Marekani alitengwa shuleni na mtaani. Mwaka 1933 aliingia kazi ya serikali, na mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Katika ujenzi wa nyumba za umma alisaidia kuweka sharti kwamba mafundi weusi nao wapate sehemu yao ya ujira. Baadaye alifundisha vyuoni, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya mitaa waliyobanwa watu weusi mijini.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alimweka kuwa mkuu wa idara ya nyumba ya nchi nzima. Rais alipotaka kuigeuza wizara, Bunge lilikataa mwaka 1962, kwani wajumbe wengi wa kusini hawakuridhia mtu mweusi aketi katika baraza la mawaziri. Walakini Weaver hakuiacha kazi. Wizara ilipoundwa mwaka 1965, Rais Johnson alimchagua yeye, na Januari 1966 akaapishwa, akawa waziri mweusi wa kwanza wa Marekani.

Basi, ndugu Waislamu, aliyesoma na amtazame jirani asiye na paa. Cheo huweza kucheleweshwa na watu. Wajibu wa mwenye elimu haungoji cheo.