Ufadhili wa Shahada ya Uzamivu na Maswali ya Mbulu na Hanang

Shahada ya uzamivu, yaani shahada ya juu kuliko zote zinazosomewa chuo kikuu, haipatikani kwa kuhudhuria mihadhara bali kwa kulichimba swali moja kwa miaka mitatu, minne, na mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, anayelipia miaka hiyo halipii ada na posho ya kujikimu pekee. Analipia pia swali lenyewe, kwa kuwa swali lisilo na mfadhili hubaki bila mtafiti. Makala haya yanashikilia kwamba, katika sayansi na uhandisi, wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara zimetoa data nyingi kuliko zilivyotoa maswali, na kwamba hali hiyo haitageuzwa na nafasi zaidi za kusoma ng'ambo, bali na Tanzania kugharimia uzamivu unaoanzia kwenye mahitaji ya wilaya zenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ni Haydom, wilayani Mbulu, ambako Hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei katika miaka ya 1950 imekuwa kituo cha utafiti wa afya kinachofahamika mbali. Ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 nchini zilizopima mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Baadaye mradi wa Safer Births, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Stavanger na watengenezaji wa vifaa tiba wa Laerdal, uliweka karibu na meza za kuwahudumia watoto hao kamera na vifaa vya kunasa mapigo ya moyo. Mkunga alipomwekea mtoto barakoa usoni na kuuminya mfuko wa hewa, kila mminyo ulihifadhiwa kama mstari wa ishara unaopanda na kushuka. Na mistari hiyo, pamoja na picha za video, ilifika Stavanger, ambako wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi walitunga programu za kompyuta za kutambua ni lini mtoto anapewa hewa na ni lini huduma imekatika.

Kazi hiyo ni ya heshima, na faida yake kwa akina mama wa Mbulu haina ubishi. Watanzania kadhaa nao walipata uzamivu kupitia ushirikiano huo, hasa katika tiba na afya ya uzazi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhandisi ilibaki Norwei, kwa kuwa ndiko zilikokuwa maabara na wasimamizi, na ndiko mwanafunzi wa uzamivu anakohesabiwa kuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara kila mwezi, ilhali mwenzake wa Tanzania mara nyingi hutafiti huku akifundisha vipindi au akijilipia ada kidogo kidogo. Kinachowatofautisha hapa ni mkataba, wala si akili.

Hanang nayo imelipia kwa ardhi somo la swali lisilo na mfadhili. Mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada, ulioanza mwaka 1970 na kudumu zaidi ya miongo miwili, ulifikia mashamba 7 yenye takriban ekari 100,000, huku fedha zikielekezwa kwenye mbegu, matrekta na mafunzo ya wataalamu. Mtafiti Charles Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alionyesha kwamba tambarare za mashamba hayo zilikuwa malisho bora katika mzunguko wa Wabarabaig, wafugaji wa eneo hilo, wa kuhamisha mifugo msimu hadi msimu, kiasi kwamba kuziondoa kuliudhoofisha mzunguko mzima. Nyasi zile zinachipua lini, zinabeba ng'ombe wangapi, na udongo unafanyaje zikipumzishwa: hayo ni maswali ya sayansi kamili, lakini yalipata mwandishi baada ya jembe kupita.

Yupo, kwa upande mwingine, msomi aliyekwenda mbali na swali lake mkononi. Askwar Hilonga, aliyezaliwa Gongali, katika eneo la Karatu ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Mbulu, alisomea uzamivu wa uhandisi wa kemikali Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, akabuni kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu wa kikemikali, ikiwamo floridi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi, kupinda mifupa. Kichujio hicho kilimpatia mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Swali la kijiji lilipopata mwenyewe na elimu ya juu, jibu lilirudi kijijini. Lakini nchi haiwezi kutegemea bahati ya mtu mmoja.

Vyombo vya ndani vipo. Mikopo ya elimu ya juu imejengwa hasa juu ya shahada ya kwanza, na ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022 kwa waliong'ara katika sayansi kidato cha sita ulianzia hapo hapo. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa taifa unaoweza kubeba uzamivu, ila ngazi hiyo inadai fedha zisizokatika katikati ya njia. Kuvunjwa kwa shirika la misaada la Marekani mwaka 2025 kuliwakumbusha watafiti wengi kwamba uamuzi wa serikali ya mbali unaweza kufunga daftari la maabara ya karibu.

Mlima Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400, unadai daftari lisilofungwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishukia mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Mvua kiasi gani huufikisha udongo ule mahali pa kuachia ni swali la uhandisi lisilojibiwa kwa safari ya wiki mbili. Mfadhili wake atapaswa kulipia vipimamvua mtelemkoni kwa misimu kadhaa, ujira wa mwanakijiji anayevisoma kila asubuhi, upimaji wa sampuli za udongo, nauli ya msimamizi, na muhtasari wa Kiswahili utakaokaa katika ofisi ya halmashauri. Mtoto aliyekuwa darasa la saba Katesh mwaka ule anaweza kufikia ngazi ya uzamivu kabla ya mwaka 2040, na kumbukumbu za mvua zitakazoanza kuandikwa sasa ndizo atakazozikuta.