Mizani ya Upepo

Aghalabu ya wenye magari hudhani kwamba kinachobeba uzito wa gari ni mpira, ilhali mpira ni chombo tu cha kuhifadhia upepo, na upepo ndio mchukuzi. Na tarehe ya tairi, tangu kubuniwa kwake hata leo, ni tarehe ya wanadamu waliojifunza kwanza kuufunga upepo, kisha kuupima, na mwisho, baada ya misiba, kutosahau kuupima.

Mwaka 1845 Mskochi Robert William Thomson, kijana wa miaka 23, alipewa hataza ya gurudumu la upepo, lililokuwa mfuko wa turubai iliyopakwa mpira na kuvikwa ngozi. Na magari ya farasi yenye magurudumu hayo yakaonekana katika bustani ya Regent's Park mjini London. Lakini mpira ulikuwa ghali na motokaa haijazaliwa, hata hikima ile ikasahauliwa mpaka mwaka 1887, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipomhurumia mwanawe mdogo aliyetikiswa na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akayazungushia magurudumu yale mpira alioujaza upepo kwa bomba la mpira wa kandanda. Hataza aliyopewa mwaka 1888 ilibatilika miaka miwili baadaye, kwa kuwa Thomson alikwisha kumtangulia. Lakini biashara ilikwisha kushika njia.

Kuufunga upepo ni kazi moja, na kuijua kadiri yake ni kazi nyingine. Vali ya August Schrader wa New York, iliyopewa hataza mwaka 1893, ilifungua mlango mdogo wa kutia upepo na kuupima, nayo ndiyo hiyo hiyo ambayo mafundi pancha wa Dar es Salaam na Mombasa huifungua kifuniko kila siku. Wengi wao hulipiga tairi kwa nyundo wakasikiliza mlio; nao ni hodari, lakini sikio si mizani, na tairi lililopungukiwa ratili saba kwa inchi ya mraba linaweza kuonekana zima machoni. Lipungukiwapo, ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, likapata joto, na joto likalegeza tabaka zake hata likapasuka katikati ya mwendo. Mwaka 2000 nchini Marekani, baada ya watu wengi kufa katika ajali za namna hiyo, matairi milioni 6.5 yaliitwa yarudishwe, na sheria ikapitishwa iliyoleta taa ya kumwonya dereva upepo upunguapo.

Noah nyingi, magari ya Kijapani yanayobeba aila zetu, hazina taa hiyo, bali zina wasia mwingine. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo: utaona karatasi iliyobandikwa, herufi zake za Kijapani na tarakimu zake zikisomeka na kila mtu. Ikiandikwa 230, hizo ni kilopaskali, sawa na ratili 33 kwa inchi ya mraba. Hicho ndicho kipimo cha gari lako; ama tarakimu iliyochongwa ubavuni mwa tairi, hiyo ni mpaka usiovukwa, wala si kiasi cha kujazia.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu, kwa kuwa mwendo hulitia joto na joto huzidisha msukumo. Naye apunguzaye upepo wa tairi la moto, asubuhi hulikuta limepungukiwa. Lipimwe walau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu, pamoja na tairi la akiba, ambalo hukumbukwa siku ya dhiki tu.

Dunlop hakuanza kwa tamaa ya mali, bali kwa huruma ya mzazi. Na baba anayeinama alfajiri kando ya gurudumu, geji mkononi, watoto wakiwa bado usingizini na mizigo ya safari mlangoni, anaitimiza huruma ile ile.