Kabla ya Themu Kulikuwa na Shanga: Historia Fupi ya Sura ya Duka, Kuanzia Njia ya Kilosa na Mikumi

Wadau wa maduka ya mtandaoni, leo tunarudi nyuma kidogo. Hili la kuumiza kichwa kuhusu themu, yaani ile sura ya duka iliyotengenezwa tayari, lina ndugu zake wa zamani sana.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone. Hela yake ya njiani ilikuwa vitambaa, waya na shanga. Shanga ndizo zilimtoa jasho. Wanyamwezi wanataka nyekundu, nyeusi zinapita Ugogo tu, nyeupe zinakubalika baadhi ya sehemu za Usagara lakini Uzigua wanazidharau. Usagara ndiyo hiyo Kilosa. Ukikosea rangi hununui chakula, msafara mzima unalala njaa. Na bado masika yakamkuta Mkata, uwanda ambao leo sehemu yake iko ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Matope mwanzo mwisho.

Halafu ikaja kanga, na kwangu mimi hii ndiyo themu yetu ya kwanza. Iangalie vizuri: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Fremu ni ileile kwa kila muuzaji, vinavyobadilika ni rangi, picha na maneno. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu Abdulla, aliweka alama ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake, basi mtu akiiona tu anajua imetoka duka gani. Nguo zenyewe zilichapwa mbali, Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani, na wachapaji hawakuwahi kujifunga kanga hata siku moja! Aliyejua kipi kitatoka ni mama mnunuzi. Akikataa, marobota yanabaki dukani na hela ya tajiri imelala humo humo.

Sasa njoo kwenye zama zetu. WordPress ilianza kuwa na themu mwaka 2005. Shopify ilizinduliwa Canada mwaka 2006, na waanzilishi wake walikuwa wanauza mbao za kuteleza kwenye theluji. Theluji Mikumi iko wapi?

Chukulia dada mmoja pale Mikumi, barabara ya Iringa, anauza mchele wa Kilosa. Ananunua themu ya bei mbaya yenye mapicha makubwa yanayojigeuza yenyewe, vitufe vya Kiingereza, na sehemu ya kulipia kwa kadi ya benki. Mteja wake yuko Dar, bando linaelekea ukingoni. Ukurasa unazunguka, unazunguka, mteja kashahamia kwa mwingine. Mchele uko stoo.

Themu ya bure ingemtosha kabisa. Atoe yale mapicha, aweke picha moja ya mchele wenyewe, bei ya kilo ionekane bila kubofya, kitufe kiandikwe "Nunua", WhatsApp na malipo ya simu viwe juu. Rangi mbili zinatosha, kuna watu wanamaliza wiki nzima hapo bure tu. Kisha ampe simu mteja ambaye hajawahi kuliona duka, amwambie anunue kilo tano, yeye akae kimya atazame. Pale kidole kitakapokwama ndipo pa kurekebisha kwanza.