Mashimo ya Ugalla

Mwaka 2007 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha ripoti kuhusu tendo ambalo waandishi wake hawakuwahi kulishuhudia. Adriana Hernandez-Aguilar, Jim Moore na Travis Pickering walieleza kwamba sokwe wa Ugalla, kwenye miombo ya kaskazini-magharibi mwa Mpanda, huchimba mizizi kwa vijiti. Sokwe wenyewe walikuwa bado hawajawazoea watu. Ukiwasogelea, wanatoweka.

Basi wakasoma ardhi. Kulikuwa na mashimo. Pembeni yake kulikuwa na vijiti na vipande vya magome vyenye udongo, alama za vifundo vya vidole kwenye vumbi, kinyesi, na makapi ya mizizi iliyotafunwa ikatemwa. Yeyote aliyekulia kijijini anaijua kazi hii: mwizi wa mihogo humwoni, lakini asubuhi unajua alipita wapi. Mimi ni mwandishi wa habari, na katika chumba cha habari swali la kwanza la mhariri huwa "nani aliona?" Kwa ripoti hii jibu lingekuwa hakuna. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ni ushahidi mzuri kuliko mashahidi wengi wa macho ninaowafahamu.

Kilichonivutia zaidi ni jambo jingine. Wanasayansi walikuwa na hadithi yao tayari: mizizi ni chakula cha shida. Babu zetu wa kale, misitu ilipopungua na ukame ukabana, walichimba ili wasife njaa. Ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini sokwe wa Ugalla walikuwa wakichimba masika, muda mrefu baada ya miezi inayodhaniwa kuwa ya njaa kupita. Watafiti wangeweza kulizungushazungusha hilo hadi lilingane na hadithi. Wakaliandika lilivyo, kwamba linapingana na dhana yenyewe.

Tusisahau tulikotoka. Hadi mwaka 1960, kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa alama ya binadamu peke yake. Mwaka huo, Gombe, Jane Goodall akamwona sokwe akipukutisha majani ya kijiti na kuvulia mchwa. Mpaka ukasogezwa. Kuchimba mizizi kwa zana kukabaki kwetu, kama wafanyavyo akina mama wa Kihadzabe kule Eyasi, mpaka mashimo ya Ugalla yalipoleta maswali. Naona tuna tabia ya kuchora mstari mahali macho yetu yalipoishia, halafu tunauita mpaka wa dunia.

Hadithi kubwa kuliko zote ni ile ya kusimama. Wengi wetu tuliipata shuleni: misitu ilipungua, nyasi zikatanda, babu zetu wakashuka mitini na kuanza kutembea kwa miguu miwili. Raymond Dart, alipoutangaza mwaka 1925 ule mfupa wa fuvu kutoka Taung, Afrika Kusini, tayari aliufungamanisha na nchi ya wazi yenye miti michache. Hadithi hii inaingia akilini kirahisi mno, na pengine ndiyo maana ilikaa muda mrefu bila kusumbuliwa.

Sasa, Katavi ina mahali pa kuipima. Bonde la Issa, wilayani Tanganyika, lina miombo, nyasi na ukanda mwembamba wa msitu kando ya vijito. Mazingira yanayofanana kiasi na yale yanayodhaniwa kuwa ya babu zetu. Kama hadithi ni kweli, sokwe wa Issa wangetakiwa kushinda chini zaidi kuliko wenzao wa misitu minene, na kusimama kwa miguu miwili hapo chini. Rhianna Drummond-Clarke, Fiona Stewart, Alex Piel na wenzao waliwafuata sokwe wazima 13 kwa miezi 15, wakaandika zaidi ya mara 13,000 mnyama yuko vipi: ameketi, anapanda, anatembea, amesimama. Matokeo yalitoka Desemba 2022. Sokwe wa Issa walikaa mitini kama wale wa msituni. Na waliposimama kwa miguu miwili, zaidi ya asilimia 85 ya nyakati hizo walikuwa juu ya mti.

Hapa lazima tujizuie. Sokwe si babu yetu. Ni ndugu wa mbali ambaye naye amebadilika kwa mamilioni ya miaka. Sokwe 13 hawawezi kutuambia nini kilitokea kabla ya zile nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.6. Wanachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba "miti ilipungua, kwa hiyo tukashuka" si lazima iwe kweli. Anayekimbilia kusema "kumbe tulijifunza kusimama mitini" anafunga mlango uleule, kwa ufunguo mwingine tu.

Kisha kuna usiku. Piel na wenzake walitundika Issa vinasa sauti vinavyotumia umeme wa jua, vikasikiliza saa 24. Vikanasa sokwe wakiita gizani, wakati ambao mtafiti yuko hemani na wote tunajua kwamba sokwe wamelala.

Wanaoishi na misitu hii, wakiwemo warina asali wa Kibende na Kitongwe, hawaonekani sana katika maandishi hayo isipokuwa kama waongozaji. Ningependa mtu akae nao, awaulize kuhusu mashimo, na aandike majibu kwa majina yao.

Muda si mwingi. Bonde la Issa halimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi wala ile ya Mahale, mashamba mapya yanafunguliwa magharibi mwa mkoa, na mjini Mpanda nyumba nyingi bado zinapikia mkaa.