Saratani ya Kondo ya Nyuma na Jinsi Ilivyotambuliwa

Katika maradhi yanayoushika mji wa mimba, machache yaliwatia matabibu wa karne ya 19 tashwishi kama uvimbe ule adimu uliomzukia mwanamke baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, na aghalabu baada ya mimba zabibu (mimba iliyoharibika, kondo yake ikageuka vifuko kama zabibu), ukamtoa damu isiyozuilika, kisha, kabla ya miezi mingi kupita, ukaonekana mapafuni mwake. Max Sänger wa Leipzig, yule aliyewafundisha madaktari wenziwe mwaka 1882 kuushona mji wa mimba uliopasuliwa ili kumtoa mtoto, ndiye aliyeueleza mwaka 1889 kuwa ni ugonjwa wa peke yake. Walakini alidhani kuwa asili yake ni nyama ya mama, yaani ule utando wa ndani unaojigeuza ili kuipokea mimba.

Mwaka 1895 Felix Marchand, huko Marburg, alizitazama chembe hizo kwa hadubini, akaziona za namna mbili: kubwa zilizoungana zikawa bonge moja lenye viini vingi, na kando yake ndogo zenye mipaka iliyo wazi, kama zile zinazoifunika kondo ya nyuma. Basi mama alikuwa akiuawa na kitu kilichotokana na mimba yenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo elimu ya ugonjwa huu ilipoanza hasa, kwani kondo kwa tabia yake huchimba ukuta wa mji wa mimba na kuifuata damu ya mama, na saratani yake hufanya yayo hayo bila kujua pa kukoma. Hata leo mtaalamu anayeuchunguza uvimbe huo hukuta sehemu kubwa ni damu iliyoganda na nyama mfu, chembe zilizo hai zikiwa ukingoni tu, na vile vijimizizi vya kondo havipo kabisa.

Dalili ya pili ilipatikana Berlin, katika mkojo. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walitangaza mwaka 1927 kuwa mkojo wa mja mzito, wakidungwa panya wachanga wa kike, huziamsha ovari zao kabla ya wakati, zikatokeza baada ya siku chache madoa ya damu yaonekanayo kwa macho. Na haukupita muda mrefu ikabainika kuwa mwenye mimba zabibu au saratani ya kondo huwa na ile homoni ya mimba iliyoziamsha ovari hizo kwa wingi mno, hata mkojo wake ukizimuliwa mara nyingi kwa maji, panya bado huonyesha madoa. Wote wawili, kwa kuwa ni Mayahudi, walilazimika kuikimbia Ujerumani ya Wanazi, mmoja akahamia Ufaransa, mwenziwe akafika Jerusalem.

Mwaka 1956, huko Bethesda, Marekani, Min Chiu Li, mzaliwa wa China, akishirikiana na Roy Hertz, alianza kuwatibu kwa methotreksati wanawake ambao saratani hiyo ilikwisha waenea. Katika picha za eksirei uvimbe wa mapafuni uliyeyuka, lakini homoni ilibaki kidogo mkojoni. Wakubwa wake wakaona kuendelea na dawa kali namna ile ni kuwatia sumu watu waliokwisha pona. Yeye akashikilia kuwa maadamu homoni ipo maradhi yapo, akaendelea mpaka isipatikane tena. Aliondoka Bethesda mwaka 1957, na baadaye ikathibitika kuwa walioachishwa dawa mapema ndio waliorejewa. Mwaka 1972 yeye na Hertz walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker. Nauheshimu ushupavu ule kuliko hata dawa yenyewe, kwa kuwa ni taabu kuamini kipimo pale macho yanaposhuhudia afya.

Tangu hapo tabibu aweza kuanza tiba kwa ushahidi wa homoni bila kukata kipande cha uvimbe, jambo lisilo la kawaida katika saratani, na lenye manufaa, maana kukata huweza kufungulia damu nyingi. Ndiyo sababu mwanamke aliyesafishwa mimba zabibu huambiwa arudi kupimwa kwa miezi kadhaa na asishike mimba nyingine kwa muda huo, isije homoni ya mimba mpya ikaficha ile ya maradhi.

Walakini homoni nayo ina mipaka yake. Mwaka 1976 Robert Kurman na wenziwe walieleza uvimbe unaoota pale kondo iliposhikamana na mji wa mimba, wakauhesabu kuwa hauna madhara. Wagonjwa wengine wakafa kwa uvimbe huo, na mwaka 1981 Robert Scully na Robert Young wakausahihisha kuwa ni uvimbe wa kweli uwezao kutambaa. Huo hutoa homoni haba, hivyo hadubini hutangulia tena, na aghalabu tiba yake ni kuuondoa mji wa mimba, kwani dawa peke yake haiuwezi sana.