Bolti ikigoma usiilazimishe: Historia ya meno, namba na majina

Juzi nilijitia ufundi. Bolti inayoshikilia altaneta ya gari langu kuukuu la Kijapani ilikuwa imelika kichwa, nami nikaona kumlipa makanika kwa kazi ya dakika kumi ni kutupa pesa. Nikaenda dukani kuulizia bolti ya "namba kumi na nne", maana spana niliyoifungulia iliandikwa 14. Muuzaji akanikabidhi dude nene kuliko kidole gumba changu. Nikamwonyesha ile kuukuu. Akaipima, akacheka: "Mzee, hii ni ya kumi."

Nyumbani, bolti mpya iliingia mizunguko miwili, ikagoma. Nilikuwa tayari nimeshika spana ndefu niikomeshe, kijana wa gereji jirani akanizuia: "Wacha, Mwalimu, utakula meno." Akazishika bolti zote mbili, akazilaza ubavu kwa ubavu, akaziinua juani. Meno hayakupandana.

Hebu tuitazame kadhia hii. Bolti hizo zote zilikuwa na unene wa milimita 10. Ile ya Kijapani, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25; ile ya dukani ni 1.5. Namba 14 niliyoishikilia kwa ukaidi ilikuwa upana wa kichwa tu. Fundi huitaja bolti kwa kichwa, kwa kuwa ndicho kinachoshikwa na spana. Muuzaji huitaja kwa unene. Meno, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho, hayakutajwa na yeyote. Laiti ningeilazimisha, ningeharibu tundu la alumini, na bolti ya bei ya chai ingenigharimu kipande kizima.

Tatizo hili lina historia ndefu. Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ilichonga meno ilivyopenda. Mashine ikiharibika mbali na ilikoundwa, fundi hakupata bolti ya kuifaa. Mnamo 1841, Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, alipendekeza suluhu. Hakujifungia ofisini kubuni kipimo. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akatafuta wastani wake, akapendekeza meno yenye pembe ya digrii 55 na idadi maalumu ya meno kwa kila inchi. Kampuni za reli zikamfuata.

Wamarekani nao hawakuridhika. Mnamo 1864, William Sellers wa Philadelphia alitoa mfumo wake wa digrii 60, akidai kuwa meno hayo ni rahisi zaidi kuchongwa. Basi bolti ya nusu inchi ikawa na meno 12 kwa inchi kwa Mwingereza, na 13 kwa Mmarekani. Ukizitazama, ni pacha. Ukizifunga, ni maadui.

Gharama ya uadui huo ilidhihirika katika Vita Vikuu vya Pili. Uingereza na Marekani walipigana upande mmoja, lakini nati ya huyu haikuingia kwenye bolti ya yule. Ndipo Novemba 1948 nchi hizo mbili pamoja na Kanada zikatia saini mkataba wa meno ya pamoja, ya digrii 60. Mwaka uo huo Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani. Magari hayo ya inchi yalienea huku kwetu, kisha yakaja ya Kijapani ya milimita. Ndiyo sababu sanduku la fundi mkongwe lina spana za aina mbili.

Msomaji wa safu hii atauliza: haya yanahusu nini lugha? Yanahusu sana. Kiswahili nacho kilisanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na mwaka wa 1930 kamati ya kusimamia kazi hiyo ikaanza. Tofauti ni kwamba Whitworth alitafuta wastani wa karakana nyingi, ilhali sisi tuliteua karakana moja. Malalamiko ya watetezi wa Kimvita hayajanyamaza hadi leo.

Kamusi zetu zina parafujo tuliyopewa na Wareno, zina skrubu ya Waingereza, na zina hesi. Lakini nenda Kirinyaga Road, Nairobi, uulize hesi. Utatazamwa kama mgeni. Huko watu wanasema meno, na meno "huliwa". Je, nafasi kati ya jino na jino tuiiteje? Mimi niliikosea bolti kwa kukosa neno la kuulizia. Wanaistilahi wetu wangefanya kama Whitworth: waanzie kwa mafundi, wakiwa na daftari, kabla ya kuketi kwenye warsha hotelini.

Kwa anayejitengenezea gari, nina mawaidha matatu. Mosi, nenda dukani na kifaa cha zamani, usiende na namba kichwani. Pili, linganisha meno kwa meno kabla ya kulipa. Tatu, anza kufunga kwa vidole. Spana ni ya kukazia tu. Bolti ikigoma, kuna jambo inakuambia. Isikilize.