Asante kwa Ngumi

Wakenya husema lugha ya ishara, Watanzania lugha ya alama, na pale mpakani Namanga hakuna anayegombana kwa hilo. Linalonikera ni jina la kile kipande ambacho wanafunzi wapya hukikimbilia: kutaja herufi moja moja kwa vidole. Wengi hukiita alfabeti ya vidole. Jina limeshika kwa sababu ya bango, lile lenye picha 26 za mikono. Lakini bango kazi yake ni ukutani. Anayetaja jina lake kwa mkono anaendeleza neno, kama aendelezavyo kwa kalamu. Mimi ni wa tahajia ya vidole.

Chukua neno asante. Katika alfabeti ya mkono mmoja ya Marekani, ambayo zile za Kenya na Tanzania zinafanana nayo sana, herufi zake zote ni ngumi. Kwa A kidole gumba husimama ubavuni. Kwa S hupita mbele ya vidole. Kwa N hujificha chini ya viwili. Kwa T huchungulia kati ya cha shahada na cha kati. Kwa E vidole hukunjwa hadi ncha zilalie kidole gumba. Mtama nao ni ngumi tupu. (Kiziwi hashukuru hivyo, bila shaka, asante ina ishara yake. Tahajia ni ya majina ya watu na mahali, na ya istilahi zisizo na ishara bado.)

Mwanafunzi huharibu kwa haraka, mkono ukirukaruka kila herufi. Utulie karibu na bega, na mdomo utamke neno zima. Katika kaa na taa, mkono husogea kando kidogo kwa A ya pili. Usiposogea, umeandika ka na ta. Kusoma ndiko kugumu zaidi: ukidaka herufi moja moja, ya nne ikifika umeshaisahau ya kwanza. Hapo Kiswahili kina huruma, maana irabu hurudi karibu kila silabi na kumpa msomaji mapigo.

Juan Pablo Bonet, aliyechapisha picha za mikono hii Madrid mwaka 1620, alikusudia kuwafundisha viziwi kusoma na kutamka. Tangu hapo mkono huo umebeba maandishi ya lugha ya wasemao, na neno alfabeti linalificha hilo. Kiziwi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili Tanzania na mwenzake aliyesomeshwa kwa Kiingereza Kenya wanaweza kuelewana kabisa juu ya umbo la T, kisha kila mmoja akaendeleza neno ambalo mwenzake hajawahi kulisoma.